Tulivyokwenda Wete Kumposea Faki Darasa

Dada Time alinipigia simu Jumapili mchana, na neno lake la kwanza lilikuwa "Njoo." Mtu wa Pemba hakuiti kabla hajakuamkia, hajakuuliza hali, hajauliza na hali ya waliokuzunguka. Akalitambua kosa lake, akarudi nyuma, akanisalimia kwa utaratibu wote, kisha akalirudia: "Njoo, mdogo wangu. Alhamisi wametuita wilayani."

Time ni mtoto wa mama yangu mkubwa. Ameolewa Kojani, kisiwa kidogo cha wavuvi upande wa mashariki wa Pemba, na mwanawe Faki, wa miaka minane, ana usonji. Huu ni mwaka wa tatu Faki anasoma barazani. Darasani kwao wanafunzi wanakaa mapaja kwa mapaja, na kelele zikipanda Faki huziba masikio na kupiga mayowe mpaka wote wanyamaze kwa hofu. Mwalimu wake, ambaye si mtu mbaya, alimtandikia mkeka nje ya mlango, akampa chaki, akamwambia Time kwamba hapo angalau mtoto anasikia. Wete mjini kuna skuli yenye darasa maalumu la watoto wachache, chumba kimya. Time aliomba Faki ahamishiwe huko. Akajibiwa kwamba mtoto husoma skuli iliyo karibu na kwao pamoja na wenzake, kwamba hiyo ndiyo elimu mjumuisho, na kwamba aridhike.

Hakuridhika. Aliomba mara ya pili na ya tatu, na sasa walikuwa wamekubali kumsikiliza ana kwa ana.

"Nije niseme?" nilimuuliza.

"Kusema atasema Mzee Kombo. Weye nnataka uwepo tu."

Jumanne asubuhi niliondoka Unguja. Bahari ilikuwa shwari, na abiria wengi walilala na mitandio usoni. Tulishuka Wesha, bandari ndogo ya Chake Chake, ambako mifuko ya saruji ilikuwa ikiteremshwa na vumbi lake likawageuza wapagazi wote wazee wenye mvi. Hamad, mume wa Time, alikuja kunipokea. Alikuwa ameleta samaki sokoni, na gari lililomleta lilikuwa linarudi tupu. Tulipanda nyuma, kwenye matenga yenye magamba.

"Shemegi, na weye umo katika vita hivi?" aliniuliza.

"Nimeitwa."

"Haya. Mie sijui. Time akishinda, mtoto anakwenda Wete na mama yake anamfuata. Akishindwa, mtoto yuko barazani. Na mie niombe dua gani?" Alicheka, lakini aligeuza uso akatazama mikarafuu mpaka tukapita kilima.

Alasiri tulivuka kwenda Kojani. Hakuna njia nyingine ya kufika kule ila kwa boti. Time alikuwa ng'ambo akitungoja, na Faki amesimama pembeni yake, mrefu kuliko nilivyomwacha, macho yake yameshikwa na injini. Nilimnyooshea mkono. Hakuushika. Alinipa salamu yake mwenyewe, ile aliyoichukua kwa nahodha na anayompa kila mtu, mgeni na mwenyeji:

"Kaeni sawa, boti inalala!"

"Marahaba, mwanangu," nilimjibu.

"Ndilo hilo," alisema Time. "Watu wananiambia mtoto hana adabu, haamkii. Anaamkia. Anaamkia hivyo."

Jioni ile Mzee Kombo alikuja kula nasi. Ni ami yake Hamad, mtu wa kanzu nyeupe siku zote na sauti ya taratibu, na kisiwani pale anajulikana kwa kazi moja: ushenga. Akitakiwa mke, anayetumwa kwenda kuposa ni yeye. Muoaji hasemi, baba yake hasemi. Husema Mzee Kombo, na inasemekana hajarudi na jibu baya. Kwa hiyo Time alipoitwa wilayani hakuna aliyefikiri mara mbili. Jambo zito unalipelekea msemaji.

"Niambie, mwanangu," alimuuliza Time, akichambua mwiba wa changu. "Unataka neno gani hasa, nikaliseme?"

"Nataka Faki aingie darasa maalumu Wete, ami."

"Na yule mwenzio wa Jadida, kule Wete, mliyeitwa pamoja?"

"Mama Neema anataka mwanawe atoke humo humo, aingie darasa la kawaida."

Mzee Kombo aliacha kutafuna. "Maneno mawili," alisema. "Na nyumba moja." Akaendelea na samaki wake, na mimi sikulitilia maanani.

Alhamisi tulivuka alfajiri, mimi, Time, Faki na Mzee Kombo, na kufika Wete jua limeshapanda. Tulipita kwanza Jadida kwa Mama Neema, mwalimu kutoka bara ambaye ameishi Pemba miaka mingi. Yeye ni Mkristo, lakini tulipopiga hodi alitujibu "Waalaikumu salaam, karibuni ndani" kabla hajaona ni nani. Alitupa chai ya tangawizi na chapati. Binti yake Neema, wa miaka kumi, alikuwa amekaa chini akisoma kwa sauti maandishi ya mfuko wa unga, kisha ya kopo la mafuta, kisha ya kalenda.

"Unamsikia?" Mama Neema aliniuliza. "Anasoma kuliko wale ninaowafundisha. Lakini kwa kuwa karatasi ya hospitali imesema usonji, wakampeleka shule kwenye darasa maalumu, na huko mwaka mzima wanapaka rangi mduara. Rangi nzuri, mduara mzuri. Yeye kaumaliza zamani."

Wanawake hawa wawili walijuana kliniki, kila mmoja akimshika mwanawe asikimbie. Mmoja mwanawe amewekwa pale ambapo mwenzake anapatamani. Wangeweza kuoneana kijicho. Badala yake wakaamua kwenda pamoja.

Saa nne tuliingia ofisi ya elimu ya wilaya. Afisa alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye feni iliyogeuka kwa shida. Mzee Kombo aliomba dua, akaitikiwa, akaanza. Nimesikia watu wengi wakisema, lakini sijasikia kama vile. Alianza na heshima ya nyumba iliyotupokea, akapita kwenye neema ya watoto, wenye kusema na wasiosema, na alipofika kwenye jambo lenyewe hata karani wa meza ya pili aliacha kuandika. Ni hapo Faki alipopaza sauti, "Kaeni sawa, boti inalala!" na chumba kizima kikakaa sawa kweli.

"Bwana Afisa," Mzee Kombo akahitimisha, "wazazi hawa wamenituma neno moja. Wanataka watoto wao wasome pamoja na wenzao. Wasitengwe. Hilo tu."

Afisa alitabasamu kwa furaha ya mtu aliyerahisishiwa kazi. "Mzee, umesema vizuri. Basi shauri la Faki limekwisha, yeye tayari yuko skuli ya kwao na wenzake. Tumtazame huyu binti." Akalifunga jalada la Faki, akaliweka upande wa pili wa meza.

Nilimtazama Time. Alikuwa amekauka. Nadhani ni mimi na yeye tu tuliofahamu upesi kilichotokea. Mshenga hapeleki maneno mawili katika nyumba moja, na Mzee Kombo, njiani au ndani ya boti, aliyapima yote mawili akachukua lile lenye sura nzuri zaidi. Hakumfanyia Time ubaya. Alifanya kazi yake kama anavyoijua. Na kwa kazi hiyo Faki alikuwa anarudi barazani.

Kumkata msemaji wako mbele ya watu, naye ni ami wa mumeo, ni jambo ambalo Kojani halisahauliki. Time alivuta mtandio wake mbele, akaurudisha nyuma.

"Ami, nisamehe," alisema. "Hilo si langu."

Mzee Kombo hakugeuka.

"Si langu, Bwana Afisa. Hilo ni la Mama Neema. Mie mwanangu yuko na wenzake, kweli, na ukuta katikati. Wao ndani, yeye nje. Nataka chumba kidogo, kimya, na mwalimu anayemjua. Naomba hilo jalada ulifungue."

Afisa alivua miwani. "Subirini. Mmoja anataka kutoka, mmoja anataka kuingia, na mmekuja pamoja? Nyinyi wenyewe hamjaelewana."

"Tumeelewana vizuri sana," alisema Mama Neema. "Neema ni Neema na Faki ni Faki. Mliwasoma kwenye karatasi mkawapanga. Sisi tunataka kuulizwa."

"Kila mzazi akichagua, mimi nitapanga nini?"

"Utapanga ukishatusikia," alisema Time.

"Mama, mimi nina utaratibu."

"Na mie nina mtoto."

Karani alikohoa kuficha kicheko. Afisa alilifungua tena jalada la Faki. Kisha alisema kwamba Neema akitoka, nafasi moja itabaki wazi, na kama wenyewe wanataka hivyo, yeye atawaandikia wote wawili. Hilo ni kwa hawa wawili tu, tusiende kutangaza mitaani. Mama Neema alimwambia kwamba watu hawahitaji kutangaziwa, watakuja wenyewe. Afisa alipuuza.

"Lakini mkishachagua, mmechagua," aliongeza. "Sitaki mwezi ujao mama wa Kojani anarudi kusema mtoto kashindwa, mrudisheni. Hakuna kurudi."

Kwa miaka mitatu Time alikuwa akipigania mlango, na sasa alikuwa anapewa mlango usiofunguka tena nyuma yake. Kama chumba kile kimya kisingemfaa Faki, angepoteza hata mkeka wa barazani.

Hapo Mzee Kombo, aliyekuwa ameinamia bakora yake tangu alipokatwa, aliinua kichwa.

"Bwana Afisa, mie nimeozesha watu wengi. Ndoa inafungwa mbele ya shehe na mashahidi, watu wanakula pilau, wanatoa dua. Na hata hiyo ina mlango wa kutokea. Skuli yako imefungwa na nani?"

Safari hii karani hakuficha kicheko, na afisa mwenyewe alicheka mpaka akafuta macho. Akaandika kwamba baada ya muhula mmoja wazazi watakuja kusema wenyewe walivyoona. Mzee Kombo alimwambia aongeze neno "wenyewe" mara mbili, kwa sababu msemaji wao ameshaacha kazi.

Adhuhuri, nje ya ofisi, Time alimfuata mzee akamshika mkono kuubusu. Mzee aliuvuta.

"Umenitia aibu," alimwambia. Kisha baada ya hatua chache: "Na mie nusura nimrudishe mtoto barazani. Tuko sawasawa. Nipe mkono."

Jumamosi Hamad alileta godoro, sufuria mbili na mfuko wa muhogo mpaka Jadida, kwa Mama Neema, ambako Time na Faki wangekaa siku za masomo. Mama Neema alimwambia asiwe na wasiwasi juu ya mkewe.

"Wasiwasi nnao wa tumbo langu," alijibu. Alikaa muda mrefu bila chai, akimtazama Faki akiyapanga magunzi ya mahindi mstari mmoja kutoka mlangoni hadi jikoni. Alipoondoka alimwinamia mwanawe, hakumgusa, akamwambia kwa sauti ya nahodha, "Kaeni sawa." Faki akamalizia lililobaki.

Jumatatu asubuhi nilikwenda nao skuli, na siku hiyo hiyo nilikuwa narudi Unguja. Mwalimu wa darasa maalumu alikuwa msichana wa umri wangu. Hakumnyooshea Faki mkono. Alikaa chini kando yake, akatazama anakotazama. Baada ya muda alimwambia Time kwamba sasa anaweza kwenda.

"Akilia?"

"Akilia nitakuwapo."

Time alitoka akakaa kwenye ngazi. Nilimwambia aje tunywe chai kabla sijaondoka. Alikataa.

"Kule barazani nilikuwa na wa kumlaumu," alisema. "Nikimlaumu mwalimu, nikiilaumu wilaya, mpaka usingizi unanipata. Leo nimemleta mie. Akiteseka humo ndani, nimemtesa mie."

Nilimwacha pale, mtandio magotini, sikio lake limeelekea dirishani, nikaenda zangu bandarini.

Unguja nilifika jioni. Nilikuwa nimeondoka nikidhani wazazi hawa wanatafuta skuli nzuri, na kwamba ikishajulikana skuli nzuri ni ipi basi kazi imekwisha. Nimerudi nikijua kwamba skuli ile ile ilikuwa kifungo kwa Neema na kimbilio analoombewa Faki, na kwamba anayeweza kupambanua hayo ni yule anayelala na kuamka na mtoto. Nimejua pia kwamba anayepambanua hatoki salama. Afisa akikosea, hufunga ofisi akaenda kula. Mama akikosea, anarudi nyumbani na kosa lake limemshika kidole.

Kabla sijavua viatu nilimpigia Time.

"Alilia?"

"Alilia, mdogo wangu. Alilia mpaka nikasimama mlangoni."

"Ukamtoa?"

"Sikumtoa. Akanyamaza, akalala juu ya mkeka wa mwalimu."

"Sasa?"

Nilisikia sauti ya Neema nyuma yake, akisoma kitu neno kwa neno.

"Sasa kesho nampeleka tena," alisema Time. "Na keshokutwa. Muhula ukiisha nitakwenda kwa afisa nimwambie nilivyoona. Ikiwa nimekosea, nitamwambia nimekosea. Mie mwenyewe, kwa mdomo wangu."