Kibla Chini ya Bluff

Babu alikuwa mfagiaji katika makao makuu ya serikali ya wakati wa vita, yaliyochimbwa chini ya kilima cha Bluff. Marehemu baba, Mungu amrehemu, alishikilia kwamba babu alichora mshale wa kibla mle ndani, kwa kuwa jua halionekani. Tulimcheka miaka yote.

Mwaka 1998 makao yalipofunguliwa kwa wageni, baba, akiwa bado hai, alinivuta mkono, tukapita chumba cha ramani hadi stoo ya mafagio. Akapapasa ukuta nyuma ya mlango.

"Haya, Thaakira, nicheke sasa."

Mshale ulikuwepo, umechorwa kwa msumari. Baba akavua viatu. Mwongoza wageni alipomwona amesujudu, akauliza kama ameanguka.

"Anaswali," nikasema, nikivua viatu vyangu. "Nami namfuata."