Mfereji Uliopita Kwa Jirani

Mtanisamehe kwa mwandiko huu. Shule niliacha darasa la sita, na pale herufi zilipokosewa sikuwa na wa kumuuliza. Tena kalamu naishika kwa vidole vitatu. Vile vingine viwili nitaeleza vilikokwenda, maana ndiyo habari yenyewe.

Tunakaa Mbugangari, ng'ambo ya mpaka kutoka Goma, upande wa chini. Zamani mvua ikinyesha huko juu, maji yalijipenyeza kwenye mawe meusi ya volkano yakapotea. Tangu barabara ya juu ilipotiwa lami hayapotei tena. Yanakusanyika, yanateremka kwa kasi, na mfereji wa barabara unaishia kwenye ukuta wa jirani yetu. Ukuta huo aliujenga kwa simenti juu ya njia ya zamani ya maji. Yakifika hapo yanageuka, na yakigeuka yanakuja kwetu.

Mara ya kwanza yalivunja mlango wa nyuma, yakasukuma ukuta wa udongo ukaangukia kitanda cha mdogo wangu. Mama alimvuta kwa mguu kutoka kwenye tope, na kumbe mguu huo ndio uliokuwa umevunjika. Kile kilio bado nakisikia kila mvua inapoanza. Tulijenga ukuta mwingine, dhaifu kuliko wa kwanza. Nyumbani kila mtu alijua kwamba mfereji usipopitishwa kwa jirani kabla ya mvua kubwa, nyumba haitabaki, na safari hii huenda usiwe mguu.

Jirani anavusha simenti na unga kwenda Goma. Kila asubuhi alikuwa anakunywa chai kwenye kibanda cha mama, na maneno yake yalikuwa yale yale.

"Mi nalipa ushuru pa mupaka," alisema. "Nalipa patente ya biashara, nalipa usalama, nalipa takataka. Halafu Jumamosi wananiambia, papa, leta jembe. Mutu analipa mara ngapi?"

"Unywe chai, papa, itapoa," mama alimjibu.

"Serikali imekuwa kubwa sana, mama. Iko kwa soko, iko kwa barabara, iko hata kwa choo yangu inaangalia kama ni safi. Bon. Kama ni kubwa hivyo, ilete mashine ichimbe huo mufereji. Tena ipitishe kwingine."

Mjomba wangu anaishi Goma na huvuka kutuona. Siku hiyo alikuwepo, amekaa kwenye benchi na andazi mkononi.

"Kwetu serikali haikuombi jembe," alisema.

"Unaona? Muko na bahati."

"Haikupi mufereji pia. Inakuomba tu ya soda."

Watu kwenye benchi walicheka, na jirani akacheka zaidi ya wote, akamlipia mjomba chai. Hakuwa mtu mbaya. Alimnunulia mdogo wangu magongo alipovunjika mguu, na mlango wake haukuwahi kufungwa mama alipohitaji chumvi. Hilo linanisumbua kuliko mengine.

Mimi nilikuwa pembeni ya kibanda nasuka nywele za wateja. Kusuka ndiyo kazi niliyokuwa nayo. Nilimsikia kila siku na sikumjibu hata mara moja, kwa sababu kusema mbele za watu kunanishinda tangu utoto. Lakini kichwani nilikuwa namjibu. Nilisema, sisi pia tunalipa, na maji yanakuja kwetu si kwako. Halafu nilisema, lakini ni kweli anatozwa mara nyingi. Sikufika mwisho wa mabishano hayo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji. Maduka yanafungwa asubuhi, kila nyumba inatoa watu, na kila mtu anakuja na chombo chake: jembe, chepe, panga la kukata majani. Sijawahi kuyaogopa mapanga hayo. Nilizaliwa baada ya yale mauaji ya mapanga, na kwangu yalikuwa ni ya majani tu.

Anayeongoza kijiji chetu ni mama mmoja anayeuza nyanya. Halipwi. Tunamwita Mudugudu, kama kijiji chenyewe kinavyoitwa. Watu wa serikali ya sekta walikuwa wamekuja wakapima, wakasema ukuta uko juu ya njia ya maji, utobolewe. Mudugudu alimwendea jirani mara nyingi kumwomba atoboe mwenyewe. Asubuhi hiyo alitupeleka wote mpaka kwenye ukuta.

Jirani alikuwa amesimama mbele yake. Mkononi alishika panga, kama wengine wengi waliokuwepo.

"Papa, utoke hapo," Mudugudu alisema. "Ni shimo tu, pana kama beseni. Tutakujengea vizuri."

"Kwa simenti ya nani?"

"Tutatafuta."

"Tutatafuta ni mimi. Kila siku ni mimi." Alitugeukia sote. "Mutu wa kwanza kugusa ukuta yangu, nitamukata."

Tulidhani anasema tu. Kaka yangu alipiga ukuta kwa sururu, jiwe likalegea. Nilikuwa nyuma yake. Niliweka mkono wa kulia juu ya jiwe hilo kulivuta, na panga likashuka.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia chuma kikigonga jiwe, nikaona cheche, halafu nikaona kidole kidogo na cha pili yake vimelala juu ya simenti, na mkono wangu uko mbali navyo. Damu iliruka ikampiga kaka usoni. Panga lilikuwa limeinuliwa tena.

Hapo lilitokea jambo ambalo sitalisahau. Wazee wote walikaa chini. Hakuna aliyewaambia. Waliliona panga juu, na watu wote wenye umri wa mama na zaidi wakakaa kwenye tope pale pale walipokuwa wamesimama. Bibi wa nyumba ya pili alijifunika kichwa kwa kitenge akakunja magoti. Hakulia. Hakuna aliyepiga kelele. Nafikiri hata jirani aliwaona, kwa sababu mkono wake ulibaki hewani, haukushuka.

Vijana hawakukaa. Kaka alimpiga kwa mpini wa sururu mdomoni, meno yakamwagika. Panga lilianguka. Wakamfuata chini kwa mipini ya majembe, kwa mawe ya ukuta wake mwenyewe, kwa mateke. Nilisikia mbavu. Zinatoa sauti kama kuni kavu. Mmoja alikuwa anasema kwa kila pigo, "Lipa hii. Lipa na hii." Jana yake alikuwa amembebea magunia. Na mimi, nimekaa nimefunga mkono ndani ya kitenge cha mama, nilikuwa nataka waendelee. Nasema kama ilivyokuwa.

Mudugudu aliita, hakuna aliyemsikia. Ndipo alipojitupa juu ya jirani, akamfunika kwa mwili wake kama mtu anavyofunika mtoto. Mpini uliokuwa tayari unashuka ulimpata kwenye bega, mfupa ukavunjika. Tulisikia wote.

"Mumalize," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mukimaliza na mi, muingie na kwa wale." Akaonyesha kwa kidevu wazee waliokaa.

Mikono ikashuka.

Nilimtazama Mudugudu akiwa pale. Kandambili yake moja ilikuwa imekwama kwenye tope, mguu uko wazi. Nikakumbuka maneno ya kwenye chai. Serikali yote iliyokuwepo asubuhi ile, ile kubwa sana, ilikuwa mama huyu muuza nyanya mwenye ndala moja. Polisi walifika baadaye, wakatukuta tumeshakaa chini.

Hospitali tulilazwa sote watatu, mimi, Mudugudu na jirani. Vidole havikurudishika. Bima ya afya, ile ambayo kila nyumba huichangia na jirani akiilalamikia, ndiyo iliyolipa nyuzi zangu, na ndiyo iliyolipa nyuzi zake. Mjomba alikuja na ndizi. Alitaka kusema utani, nikamwona anautafuta, akaukosa.

Jirani alikamatwa, na kaka naye, na vijana wengine. Wote waliachiwa kabla ya mwezi kwisha, na bado wanasubiri hukumu. Ukuta ulibaki na jiwe lile lililolegea, na damu yangu juu yake mpaka mvua ndogo ilipoiosha. Kila usiku mama alilala na viatu miguuni.

Umuganda uliofuata, watu walikuja bila mapanga. Hakuna aliyetangaza. Walileta majembe na machepe tu. Wazee hawakuja. Mudugudu alikuja, mkono umefungwa shingoni. Ukuta tuliukuta umetobolewa tayari, mke wa jirani alikuwa amewaita mafundi, na jirani alisimama kando ya tundu na chepe. Taya lake lilikuwa limepinda. Alianza kuchimba, na watu walisogea wakamwacha na nafasi kubwa.

Mimi siwezi kushika jembe. Nilikuwa nabeba udongo kwa beseni kichwani. Kila aliyechimba alikuwa na mtu wa kumbebea isipokuwa yeye, na udongo wake ulikuwa unarudi ndani ya mfereji. Udongo ukirudi maji hayapiti. Niliiangalia nyumba yetu, halafu nikaenda nikaweka beseni mbele yake. Alilijaza. Nusu ya udongo ilimwagika.

"Nalipa, na bado nachimba," alisema taratibu, meno hayapo. Sikujua kama ananilalamikia au ananiomba.

"Jaza vizuri," nilisema. Ni neno la kwanza nililowahi kumwambia.

Sijamsamehe. Nilimpa beseni tu. Mvua kubwa ilikuja na maji yalipita kwake, yakinguruma ndani ya mfereji, na mama akavua viatu.

Nywele sisuki tena. Najifunza kuuza nyanya. Ninyi mnaosoma haya, niandikieni. Kwenu mtu akishalipa kodi, anachimba pia? Na asipotaka, mnamfanyaje? Andikeni hata kwa mwandiko mbaya, nitasoma polepole.