Ngozi Iliyopona Haraka

Baba alijikata panga kwenye mkono wa kulia, upande wa ndani, juu kidogo ya kifundo cha mkono, karibu na kiganja, akibandua gome la myombo la kutengenezea mzinga. Kwetu Sikonge kidonda hutiwa asali, kikafungwa kitambaa safi. Wakatia, wakafunga. Nilipotoka chuoni nilikuta kovu jembamba kama uzi, nami nilikuwa nimejiandaa kuilaumu asali. Sikupata pa kuanzia. Ilikuwa imefanya kazi yake vizuri mno.

Ila vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimesimama wima. Jirani alipita akacheka, “Mzee, unaapa au unaomba ruhusa ya kusema?” Baba alicheka pia. Mama hakucheka.

“Mkono umekatika huku, kidole kinakufaje kule?” niliuliza. Mama alisema ni ganzi, itaisha. Jirani alisema ni mkono wa mtu. Majibu yote mawili yalinikera, kwa hiyo nikampeleka Baba hospitali Tabora.

Daktari hakuangalia kovu. Alimwambia Baba alegeze mkono, kisha akakikunja kiganja kurudi nyuma. Vidole vitatu vikajikunja vyenyewe, taratibu, kama vya mtu aliyelala. Viwili vikabaki vimesimama.

“Kano zimekatika,” alisema. “Nyama zinazokunja vidole ziko huku mkononi, si kwenye vidole. Kano ndiyo kamba inayounganisha. Ikikatwa, nyama inavuta kipande cha juu, kinapanda.”

“Lakini kidonda kimepona,” Baba alisema.

“Ngozi ndiyo imepona, mzee.”

Nikasema basi apasue, aivute, aishone. Alinitazama kama mtu aliyezoea ndugu wa wagonjwa. Siku za mwanzo ingewezekana, alisema: kushona, kufunga gango la kuushikilia mkono, halafu mazoezi ya polepole ili kano isigande kwenye kovu. Sasa imekaa muda mrefu, imesinyaa. Angeweza kuziunganisha na kano za kidole kilicho kando. Miezi ya gango na mazoezi.

“Uhakika ni kiasi gani?” niliuliza. Baba ndiye aliyeuliza la maana.

“Vidole vitashika kamba?”

Baba hupanda miti kwa kamba, mzinga mgongoni.

“Vitajikunja. Utashika jembe, utashika kikombe. Kamba yenye uzito wako wote, siwezi kukuahidi.”

“Basi twende nyumbani,” Baba alisema.

Nilibishana naye mpaka stendi. Kikombe si kitu? Jembe si kitu? Kwenye basi nililegeza mkono wangu, nikaurudisha nyuma kama alivyofanya daktari. Vidole vyote vikajikunja. Niliinua macho nikakuta Baba ananitazama. Akageukia dirishani.

Mizinga yake bado ipo juu ya miyombo, na alama yake imechongwa kwenye kila mmoja. Mzinga wenye alama hauguswi na mtu mwingine mwenyewe akiwa hai. Msimu wa asali umefika, nyuki wanaingia na kutoka. Nilimwomba jirani akatusaidie kurina. Alishangaa kweli.

“Nirine mizinga ya mzee? Kwani hayupo? Si amepona?”