Mayai ya Mama Trei na Silinda Nne Zinazolala

"Jirani, hilo gari limekufa nusu, na nakwambia kwa sababu nakupenda."

"Ukinipenda ndiyo hivi, Bwana Godoro, siku ukinichukia itakuwaje?"

Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ubishi umeshavuka ukuta unaotenganisha nyumba mbili. Upande huu yuko mwanamke wa miaka arobaini na moja, anakaza kamba juu ya trei za mayai kwenye pikapu ya kijivu. Wateja wake wanamwita Mama Trei. Upande wa pili, mswaki mdomoni, yuko jirani yake, msambazaji wa magodoro, mwenye pikapu ya aina ileile na injini ileile ya silinda nane. Watu wameshatoka milangoni na vikombe vyao vya chai. Mtaani hapa, hawa wawili husikilizwa kabla ya taarifa ya habari.

Kisa chenyewe ni mlio. Barabara ikiwa tambarare na dereva asipokanyaga sana, injini ya Mama Trei hubadili sauti, ikanguruma chinichini kama mtu anayeimba kafumba mdomo. Bwana Godoro aliusikia siku alipopewa lifti. Kabla ya jua kuzama, mtaa mzima ulijua kuwa silinda nne zimekufa.

Neno likamfikia mama mwenye mabanda ya kuku, ambaye alikuwa karibu kumpa Mama Trei njia ya pili ya kusambaza mayai, siku tatu zaidi kwa wiki. Akasita.

"Mayai yangu hayawezi kulala barabarani," alimwambia. "Aliyelichafulia gari lako jina aje mwenyewe alisafishe. Nikimsikia kwa mdomo wake, njia ni yako."

Ndiyo maana leo Bwana Godoro anaambiwa aweke mswaki chini, apande, tena aendeshe yeye.

"Hazijafa, zinalala," Mama Trei anaeleza. Kazi ikiwa nyepesi, kompyuta ya injini hufunga vali za silinda nne na kuzinyima mafuta. Nne zilizobaki zinasukuma gari. Ukikanyaga, zote nane zinaamka papo hapo. Kwenye dashibodi, tarakimu nane inageuka nne, kisha inarudi nane.

Naye hakulijua hilo mwanzoni. Alipoiacha baiskeli ya kubebea mayai na kununua pikapu iliyotumika, miaka mitatu iliyopita, aliudhani mlio ule ni ugonjwa. Alibadilisha plagi zote nane, mara mbili.

"Fundi alikuwa ananipokea kama shemeji yake," anasema huku akicheka. "Na kila nikiusikia, nakanyaga ili unyamaze. Unanyamaza kweli. Kumbe ndiyo naziamsha."

Kilichomfungua macho ni mzigo wa trei mia mbili, mayai elfu sita. Siku hiyo aliendesha kama aliyebeba mtoto mchanga, na jioni geji ya mafuta ilikuwa juu kuliko alivyozoea. Akarudi kwa fundi, wakakisoma pamoja kitabu cha gari. Njia yake ya kilomita mia moja na ishirini, iliyokuwa ikila lita ishirini na mbili, sasa inakula kumi na nane.

"Hizo lita nne zinawapeleka wanangu wawili shule kwa basi," anasema. "Zamani walikuwa wanatembea."

Safari inaanza vibaya. Kwa dakika kumi, tarakimu nane haibanduki.

"Una ugomvi gani na hiyo pedali?" anauliza Mama Trei.

"Godoro halivunjiki, mama. Nimezoea."

Kwenye tuta la pili, kitu kinalia kra nyuma.

"Mayai saba hayo," anasema Mama Trei bila kugeuka. "Sasa kanyaga kama kuna yai chini ya kiatu."

Mguu unalegea. Barabara inanyooka. Injini inashusha sauti, na kwenye dashibodi inatokea nne. Bwana Godoro anainamisha sikio kuelekea dashibodi.

"Mimi yangu sijawahi kuisikia ikiimba," anasema.

"Utaisikia wapi, na wewe huiachi ilale?"

Wanamaliza maduka yote, kisha wanarudisha trei tupu mabandani. Mayai yaliyopasuka nyuma ni saba kamili, na Mama Trei anayatia kwenye bakuli. Mwenye mabanda anasubiri, mikono kiunoni.

"Mama, gari ni zima," Bwana Godoro anamwambia mwenye mabanda, akiangalia viatu vyake. "Mgonjwa alikuwa mguu wangu."

Mwenye mabanda anacheka hadi kuku wanashtuka. "Jumatatu uanze," anamwambia Mama Trei.

Njia hiyo mpya ikishika, Mama Trei anataka pikapu ya pili. Itaendeshwa na wifi yake, ambaye tayari anajifunza. "Sitamfundisha mimi," anasema. "Nitampakilia mayai tu."

Saa saba mchana, pikapu inaingia uani ikiimba kwa chini. Bwana Godoro anashuka na kuelekea lango lake, kichwa chini, akipita katikati ya majirani wanaosubiri habari. Mama Trei anamkabidhi mama mkwe wake mlangoni bakuli la yale mayai saba na kumnong'oneza kisa chake, na mama mkwe anainua mwiko.

"We baba, unakwenda wapi? Haya uliyoyavunja nani ayale? Ingia ndani, mkeo keshakaa mezani."