Bibi Ameingilia Uchambuzi Wangu wa Anime

Jamani, leo Bibi kaniumbua laivu!

Nilikuwa mtandaoni, watu wananitazama, nachambua anime ya mapenzi, katuni ya Kijapani. Kijana anampenda binti wa darasani kwao, lakini mpaka sehemu ya mwisho hajamwambia kitu. Mimi nasifu: "Hapo ndipo utamu ulipo!"

Bibi, nyuma yangu, anakuna nazi.

"Kwani kwao hakuna mshenga?"

"Bibi, hawa wanatazamana tu."

"Aa, kumbe kama yule wako wa Tongoni. Miaka yote anakutazama tu."

Vicheko vikajaa kwenye maoni ya watazamaji. Nilitamani ardhi inimeze.

Kumbe huyo kijana wa Tongoni naye yumo, anatazama! Akaandika mbele ya watu wote:

"Shikamoo Bibi. Mshenga anakuja Ijumaa."

Nikamsomea Bibi. Wala hakuacha kukuna.

"Marahaba. Sasa kamwambie na yule wa kwenye katuni, atamkosa binti."