Kipande cha Mlangoni

Nianze na kosa, maana nikianza na sifa nitajisahau. Mimi ndiye niliyemwambia dada yangu anyamaze. Nyumbani kwake, mbele ya mgeni, juu ya sakafu yake mwenyewe. Mtu aliyenibeba mgongoni nikiwa sijui hata kufuta kamasi, nikamnyooshea kiganja: "Dada, nyamaza kidogo." Loo, ulimi huu!

Nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini. Nimebeba mafaili ya mawakili mpaka nikaanza kuongea kama wao, na dada akanibandika jina, Wakili Bila Joho. Mimi nikalipokea kwa kicheko, hata nikajitambulisha nalo kwa watu. Sikujua kuwa lile lilikuwa dongo.

Yeye alikuwa mpiga pasi wa hospitali. Mashuka ya wodi nzima, kanzu za madaktari, vitambaa vya chumba cha upasuaji, vyote vilipita mkononi mwake. Wenzake walimwita Bila Kunjo. Alikuwa akisema shuka likiwa na kunjo humuumiza mgonjwa mgongo, na mgonjwa hana nguvu ya kulalamika, basi mpiga pasi ndiye amlalamikie. Miaka thelathini na moja hakuunguza hata leso. Na si msemaji. Jambo akilisema mara moja amelisema. Usiposikia, shauri yako.

Mumewe, yaani shemeji yangu, alikuwa seremala wa shule. Shule ilipobomoa ukumbi wake wa zamani, wakamruhusu achukue vibao vya sakafu. Mvule mtupu, mwekundu, uliokanyagwa na watoto miaka na miaka. Akavisafirisha kidogo kidogo, akavipiga randa, akavipanga sebuleni kwa mshazari, kimoja kikiegemea kingine kama ukili wa mkeka. Kila Jumapili, miezi saba. Dada alipika huku anaruka marundo ya mbao, na sisi tukija kumtembelea tunakaa uani kama wadai.

Sasa, alipofika mlangoni, vibao vikamwishia. Fundi mzima, penseli sikioni, kakosea hesabu! Akatafuta mvule mwingine, hakupata. Akamalizia na mbao nyeupe za kawaida, tena nene kidogo kuliko zile nyingine. Pakawa na kiraka upana wa mkeka mdogo, kimeinuka kama unene wa kidole. Mgeni alitambulika kwa kujikwaa. Wenye nyumba waliinua mguu bila kufikiri.

Dada alimcheka kwa kile kiraka maisha yao yote. Mtu akijikwaa tu, yeye huko jikoni: "Pole, mgeni, hapo ndipo fundi alipochacha!" Na shemeji naye anacheka, mabega yanatikisika. Alipoanza kuumwa, kifua kimembana, alisema akipata nafuu atakirekebisha. Dada akamjibu, "Thubutu! Ukikigusa, nakufukuza." Nilikuwepo siku hiyo. Nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda, namenya chungwa. Kwa hiyo nisijitetee kwamba sikujua.

Shemeji alifariki, na miaka sita ikapita. Dada akabaki na nyumba na bima yake. Bima ilianza na mkopo wa nyumba, lakini mkopo ulipokwisha yeye hakuiacha, kwa sababu marehemu alizoea kusema kwamba nyumba yenye mbao nyingi bila bima ni kiberiti kinachosubiri mkono.

Mkono wenyewe, jamani, ukawa wa Bila Kunjo. Alikuwa anapiga pasi chini, juu ya blanketi lililokunjwa, alivyozoea nyumbani. Umeme ukakatika. Akaiacha pasi palepale, akaenda kwa jirani, yule mama fundi cherehani, kupunguza kiuno cha sketi. Wakazama kwenye mazungumzo. Umeme ukarudi. Kwa jirani hawakujua, maana cherehani yake ni ya miguu.

Jirani ndiye aliyeona moshi dirishani. Wakakimbia na ndoo. Moto wenyewe haukuwa wa kutangazwa. Blanketi liliteketea, na vibao vikaungua mahali pa ukubwa wa sinia, katikati ya sebule. Maji ya ndoo nne ndiyo yalikwenda mbali zaidi. Baada ya siku mbili vibao vilivyozunguka pale vikaanza kuvimba na kunyanyuka ncha.

Nilipofika nilimkuta amekaa kwenye kigoda, anakitazama kile kidoa cheusi.

"Wenzangu wa hospitali wasisikie," akaniambia.

"Dada, mshukuru Mungu uko hai. Na bima ipo! Niachie mimi."

Niachie mimi. Haki ya nani, maneno hayo mawili yangepaswa kuandikwa kwenye mlango wangu ili watu wanikimbie.

Mkaguzi wa bima alikuja Jumanne. Binti mpole, viatu vizito, kamera shingoni, na kifaa kidogo cha kupima unyevu wa mbao. Kuingia tu, akajikwaa pale mlangoni. Dada akafungua mdomo, nami nikajua atasema nini, lakini akaufunga. Kumtania mgeni wa ofisi aliona si adabu.

Binti akapiga magoti, akapima, akaandika. Kisha akatueleza vizuri, bila kujivuna. Bima inalipia kilichoungua na kilichoharibiwa na maji ya kuzimia moto. Mbao za kufanana zikipatikana, watakata palipoharibika na kujaza. Zisipopatikana, na sakafu ikawa moja isiyokatika toka ukuta hadi ukuta, wanaweza kubadilisha ya chumba kizima, kwa mbao za kisasa za ubora unaolingana.

"Mimi naomba kiraka tu, mwanangu," dada akasema. "Hata kisipofanana. Mbao yoyote."

Hapo ndipo nilipomnyooshea kiganja. Dada, nyamaza kidogo.

Akanyamaza.

Nikasimama katikati ya chumba, mikono nyuma, kama niko mbele ya jaji. Nikasema mvule wa namna ile haupatikani tena. Nikasema chumba chenye viraka hakijarudishwa kama kilivyokuwa kabla ya hasara, na mkataba unasema kurudishwa. Halafu, Mungu anisamehe, nikatembea mpaka mlangoni nikakipiga kile kipande cheupe kwa ncha ya kiatu.

"Ushahidi huu hapa," nikasema. "Ukitaka kujua mbao zisizofanana zinavyoharibu nyumba, tazama hapa. Rangi mbaya, kimo kibaya, kazi mbovu. Wewe mwenyewe umejikwaa. Mnataka kumwongezea mama wa watu kitu kama hiki katikati ya sebule?"

Binti akapiga picha kile kipande. Akaandika kitu. Alimgeukia dada, akamuuliza kwa heshima, "Mama, wewe unasemaje?"

Dada alikuwa anakitazama kiatu changu. Nikamnong'oneza, lakini kwa ukali, kwamba akikubali kiraka leo, vibao vingine vikivimba mwezi ujao hawatarudi tena, sakafu yote itaoza na yeye yuko peke yake. Nilimtia hofu. Nilitaka kushinda, basi. Miaka thelathini nimewabebea watu kesi zao, na sijawahi kushinda hata moja ya kwangu.

"Mdogo wangu ndiye anayejua mambo ya karatasi," dada akamjibu binti. Nikampa kalamu yangu, nikamwonyesha pa kusaini.

Barua ya kukubaliwa ilipofika nilimsomea kwa sauti, mara mbili. Nilicheza, mzee mzima, mikono juu.

"Umeshinda, wakili," akasema.

"Tumeshinda, dada!"

Akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Mafundi walipokuja akahamia kwa jirani siku nne, kwa ajili ya vumbi na harufu ya gundi. Nikabaki kusimamia, maana nani mwingine? Waling'oa vibao kwa nondo, vikalia kila kimoja, wakavirundika uani. Bima haikuvitaka, waliandika kwamba ni mali ya mwenye nyumba. Mawingu yakaanza kukusanyika na uani hapapitiki. Pale kona ya mtaa kuna mwoka mikate mwenye tanuri la kuni, mtu mwema. Nikamwita na mkokoteni wake.

"Chukua, bwana, chukua vyote. Mvule huo, utawaka mpaka utashangaa."

Akanishukuru mno. Tulipakia pamoja. Kando ya ua palikuwa na mzigo umefungwa kwa shuka la zamani. Nikaufungua: mbao nyeupe, zile mbovu za mlangoni. Nikadhani mafundi wametumia shuka la dada kubebea takataka, nikawakaripia kimoyomoyo. Nikazirusha mkokotenini. Shuka nikalikung'uta, nikalikunja, nikaliweka ndani kabatini. Nilijipongeza kabisa kwamba nimeliokoa.

Siku ya tano dada akarudi. Sakafu mpya inang'aa, imelala sawa kama maji ndani ya beseni. Nilisimama mlangoni nikingoja asifu. Akapita, akatazama, akasema ni nzuri. Kisha akatoka uani. Nikamsikia anatembea, anasimama, anatembea.

Alirudi akafungua kabati kutafuta kitambaa, akalikuta lile shuka. Akalitoa, akaligeuza geuza. Nililikunja vibaya, pembe hazikukutana.

"Hili lilikuwa na kitu ndani," akasema.

"Takataka tu, dada. Mafundi hawa hawana—"

"Niliwaambia wanifungie vya mlangoni. Shuka niliwapa mimi."

Hakuuliza kwa hasira. Bora angenitukana, angenirushia hata kiatu.

"Viko wapi?"

Kabla sijajibu, tukasikia hodi. Alikuwa mwoka mikate, mkate mkubwa mikononi, umefungwa kwa karatasi, bado unatoa mvuke. Kuingia kwenyewe hakujikwaa.

"Mama, nimekuletea shukrani," akasema, uso unang'aa. "Zile mbao, wallahi, sijawahi kuona! Nyekundu zimeniwakia siku tatu. Na zile nyeupe kavu ndizo nilizowashia, ziliwaka mara moja tu!"

Dada akaupokea mkate kwa mikono miwili, akasema ahsante sana, Mungu akuzidishie. Mtu wa watu akaondoka zake anapiga mluzi.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuja siku hiyo akiwa ameshaota ndevu.

"Dada," nikasema. "Dada, nisamehe. Mimi nilidhani... mkataba ulisema..."

Akaweka mkate mezani, akaukata katikati. Nusu akaiweka mbele yangu.

"Kula, mdogo wangu. Wa moto huo."

Nikala. Ningekataaje? Nilitafuna mkate ule machozi yananitoka, na ulikuwa mtamu, hilo ndilo lililoniuma zaidi. Yeye alichukua nusu nyingine, akaifunika kwa lile shuka, akasema anampelekea jirani kabla haijapoa.

Nikamtazama anavyokwenda. Alipofika mlangoni akainua mguu wa kulia, juu kidogo, kama alivyouinua miaka yote, akavuka. Kisha akasimama, akageuka, akatazama chini pale alipovuka. Sakafu ilikuwa sawa kabisa.