Mwanamke wa Ng'ambo ya Ziwa

Siku Dorcas alipovunjika mguu, Kokugonza alikuwa hatua chache nyuma yake, naye ana ndoo ya maji kichwani. Mtaa wao wa Majabali, kule Ilemela, umekaa juu ya mlima wa mawe, na bomba la mwisho liko chini barabarani. Maji yote ya mtaa hupandishwa kwa shingo za wanawake. Asubuhi ile manyunyu yalikuwa yamelowesha mwamba. Dorcas aliteleza, ndoo ikaruka, na Kokugonza akasikia mfupa ukivunjika. Alitua ndoo yake, akavua kanga, akaufunga mguu wa jirani yake kwa vipande viwili vya mti, kisha wanawake wanne wakambeba hadi kwenye bajaji.

Wiki hiyohiyo aliifunga fremu yake ya ushonaji kule Mabatini na kwenda ofisi ya maji na barua yenye saini themanini na moja. Alirudi mara tano. Mara ya sita akapewa jibu la maandishi: mabomba yatatolewa, ila wananchi wachimbe mtaro wenyewe, mita mia nne, kutoka barabarani mpaka juu.

Kokugonza alizaliwa Muleba, mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa, kwenye migomba na mibuni. Alivuka kwa meli akiwa na miaka ishirini, akaja kujifunza cherehani kwa shangazi yake, akaolewa na Luhende, Msukuma wa Magu, dereva wa lori. Walijaliwa binti mmoja, Paskazia. Luhende alipofariki, ndugu wa Muleba walimwita arudi nyumbani, akakataa. Alikuwa mrefu, mwepesi wa maneno, na kunong'ona hakukujua. Alipenda kuitaja shule aliyosoma. Majirani walimwita nshomile, jina wanalopewa Wahaya kwa kujiona wasomi, naye hakukasirika, kwa sababu moyoni alikubaliana nao kidogo.

Siku ya kwanza ya kuchimba, kaya zaidi ya mia moja zilikuwa zimeahidi kuleta mtu. Walikuja watu tisa, sita kati yao wanawake. Wanaume wengine walikuwa kibarazani kwa Masele, mwenye duka, wakicheza drafti. Kokugonza aliwafuata na sululu mkononi.

"Ndiyo maana nchi nzima inawaita Wasukuma washamba!" alifoka. "Miili mikubwa, akili mmeziacha kwa ng'ombe! Kwetu Kagera kazi hii ingekwisha kwa siku mbili!"

Mmoja wao alikuwa ameshika simu, akirekodi. Video ile ilikuwa ya sekunde kumi na nane tu, na kwa miezi minne hakuna aliyeisema. Mtaro nao ulikwama mita ya thelathini.

Ukaja uchaguzi wa serikali za mitaa. Kokugonza alichukua fomu ya kugombea uenyekiti, akiwa na ajenda moja tu, maji. Mpinzani wake alikuwa Masele yuleyule, mtu mpole ambaye babu yake alizikwa palepale mlimani. Siku ya pili ya kampeni video ikaibuka kwenye kila kundi la WhatsApp la Ilemela. Chini yake watu waliandika: arudi kwao. Wengine wakaandika kwamba watu wa Kagera wakipewa kiti hujaza ofisi ndugu zao. Akajibu mmoja wa Bukoba kwamba Wasukuma hawataendelea mpaka wafundishwe kuvaa viatu. Baada ya hapo hakuna aliyezungumzia maji tena.

Jioni hiyo Paskazia, karani wa ofisi moja Nyamagana, aliingia kwa mama yake bila kubisha hodi.

"Mama, ofisini wameniuliza kama yule ni mama yangu."

"Ukawajibu nini?"

"Nikasema ndiyo. Wakacheka. Mama, baba alikuwa mshamba? Akili zake aliziacha kwa ng'ombe?"

"Nilikuwa na hasira, mwanangu."

"Hasira haikukufundisha maneno yale. Ulikuwa nayo."

Kokugonza alimkumbuka Luhende akipanda mlima huu na tofali mbilimbili begani, akijenga nyumba waliyokuwa wamesimama ndani yake. Binti alipoondoka, mama alibaki amekaa mbele ya cherehani bila kushona.

Kesho yake akaja Josepha, rafiki yake wa siku nyingi, naye Mhaya, na shauri alilokwisha kulipanga. "Sema video imetengenezwa. Halafu tuhesabu watu wetu. Sisi wa Kagera hapa mlimani tuko kaya arobaini. Na Wajita na Wakerewe hawampendi Masele. Wasukuma wakijikusanya, na sisi tujikusanye."

"Video haikutengenezwa, Josepha. Mdomo ni wangu."

"Basi utashindwa."

"Nikishindwa nimeshindwa. Lakini siwezi kuomba kura za Wahaya ili nichimbe mtaro wa Wahaya. Bomba likipita, litapita mlangoni kwa nani na kumwacha nani?"

Josepha akainuka na kwenda zake. Hawakusalimiana kwa siku kadhaa.

Siku ya mkutano wake wa hadhara uwanja ulijaa kuliko siku zote, kwa kuwa watu walikuja kumtazama mwanamke wa video. Vijana waliokaa juu ya jiwe walimwigiza kabla hajafungua mdomo. "Naomba kula zenu! Naomba kula!" Watu wakaangua kicheko.

Kokugonza aliwangoja wamalize. "Ulimi wangu unateleza, ni kweli," alisema. "Na wa kwenu unateleza, nimekaa nanyi miaka thelathini. Kura au kula, bila maji hatupiki." Wakacheka tena, safari hii wakiwa upande wake. Angeweza kuishia hapo akashangiliwa. Hakuishia.

"Ile video ni mimi. Sauti ni yangu, maneno ni yangu. Niliwatukana wenye mlima walionipokea nikiwa sina hata sufuria. Nilimtukana marehemu mume wangu kaburini Magu, nikamtukana binti yangu akiwa hai. Sitasema mlinichokoza. Sitasema nilichoka. Nilikosa, na ninawaomba radhi."

Kisukuma alikijua vizuri kabisa, lakini siku ile hakutamka hata neno moja, akichelea kuonekana anajipendekeza. Mzee Ndalahwa, mpasua mawe, alisimama mbele.

"Shikamoo, baba," Kokugonza alimwahi.

"Marahaba. Nina swali moja. Ukishindwa, utanuna? Maana Mhaya tunamjua kwa kununa."

Kokugonza aliuma mdomo wa chini. Swali lile lilimchoma kama vile matusi yake yalivyowachoma wao. "Nikishindwa nitafanya nini, utaona, baba. Njoo uangalie kwenye mtaro Jumatatu baada ya matokeo. Nitakuwepo saa moja asubuhi, nishinde nisishinde."

Alishindwa. Masele alipata kura mia mbili kumi na nne, yeye mia mbili na tatu. Alisikiliza matokeo mpaka mwisho, akatia saini, akarudi nyumbani, akalia akiwa ameegemea mlango wa jikoni. Kisha akanawa uso na kwenda dukani kwa Masele. Shangwe zilikatika alipoingia.

"Hongera, Mwenyekiti."

"Asante, Mama Paskazia. Kaa." Masele alimsogezea kiti. "Yale ya arudi kwao, nataka ujue sikuyasema mimi."

"Najua hukuyasema. Lakini uliyasikia."

Masele alizungusha kifuniko cha chupa kwenye vidole. "Niliyasikia," alisema mwishowe.

"Jumatatu naanza kuchimba. Sina cheo, kwa hiyo siwezi kumwita mtu. Wewe unaweza."

Jumatatu saa moja alikuwa mita ya thelathini na sululu yake. Dorcas alikuwepo, bado akichechemea, amebeba chai. Kwa nusu saa hawakumwona mtu mwingine. Ndipo Masele akatokea na kundi la watu kama hamsini nyuma yake, wakiwemo vijana wa juu ya jiwe. Kabla hajagawa majembe aliwasimamisha.

"Nilishinda kwa kura kumi na moja," alisema. "Baadhi yake zilitoka kwenye maneno ya aibu kuhusu mama huyu, nami nikanyamaza kwa kuwa yalinifaa. Nisiyasikie tena kwenye mtaa huu. Mama Paskazia ndiye mkuu wa mtaro. Atakachosema ndicho."

Alichosema ni kwamba kila kaya ichimbe mita tatu, na majina yabandikwe ukutani dukani. Vijana walimnung'unikia kwamba anaamrisha kama mwalimu. Hawakukosea. Aliwarudisha mtaroni watu waliochimba kina kifupi, akiwemo Masele, ambaye alilazimika kurudia kazi yake mbele ya wateja wake. Josepha naye alikuja siku ya tatu, akachukua koleo.

Mita ya mia mbili na sitini walikuta mwamba mmoja mpana kama chumba. Wengi walitaka kusimama. Ndalahwa aliukagua kwa viganja, akaagiza kuni na matairi chakavu. Waliuchoma siku mbili, wakaumwagia maji baridi, na ulipopasuka walipokezana nyundo siku sita. Kokugonza alipiga zamu yake kama wengine mpaka viganja vikachubuka, na wiki mbili hakuweza kushika mkasi.

Maji yalifika juu Alhamisi moja ya Februari, kwanza yakiwa ya tope, kisha meupe. Wapo waliosema ni kazi ya Mwenyekiti. Wapo walioendelea kumwita nshomile, na wachache hawajamsamehe hadi leo. Akipita wanageuza uso, naye huwasalimia hivyohivyo. Yeye hana muda wa kuwabembeleza. Anaandaa barua nyingine, ya ngazi za saruji kwenye njia ya mlimani, na ameshakusanya saini mia moja na kumi.

Paskazia alimwuliza juzi kama uchaguzi ujao atagombea tena.

"Fomu nitachukua siku ya kwanza," alisema, akaendelea kukata kitambaa.